Kwenu ni Wapi? Mtoto wa Asili Mbili na Hesabu ya Nusu

Miongoni mwa maswali ambayo Mkenya huulizwa tangu utotoni hadi uzeeni, ni machache yanayorudiwa kama hili: "Kwenu ni wapi?" Huulizwa shuleni siku ya kwanza, huulizwa garini na abiria wa kiti cha pili, huulizwa na karani anayejaza fomu, na huulizwa na wazee siku ya posa. Anayeuliza hataki kujua mtaa anaokaa mwenzake. Anataka kumweka mahali: katika ukoo, katika kabila, katika kijiji walikozikwa babu zake. Kwa watu wengi swali hilo lina jibu moja, tena fupi. Kwa mtoto ambaye mama yake ni Mdigo wa Ukunda na baba yake ni Mjerumani, au ambaye baba ni Mhindi wa Kisumu na mama ni Mluo, jibu huanza kwa kusitasita. Aghalabu muulizaji huwa amekwisha kujijibu mwenyewe kwa kuitazama ngozi na nywele za aliyemuuliza.

Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili, na jamii zinazokitumia, zinavyomtaja mtoto aliyezaliwa na wazazi wa asili mbili, na jinsi kutajwa huko kunavyomsaidia au kumzuia kujiona kuwa ana kwao. Hoja inayojengwa ni kwamba tatizo la mtoto huyu halitokani na damu yake. Linatokana na hesabu aliyofanyiwa na watu wazima, hesabu ya kumgawa nusu kwa nusu, ambayo imejificha katika majina anayoitwa na katika sheria alizozaliwa chini yake. Aidha, itaonyeshwa kuwa Kiswahili hichohicho kinachomgawa kina uwezo wa kumtaja akiwa mzima.

Inafaa kuanza na swali lenyewe. Muulizaji hasemi "kwako ni wapi?" bali "kwenu". Nafsi inayotumika ni ya pili wingi hata kama aliyesimama mbele yake ni mtoto mmoja wa miaka sita. Kwake mtu ni nyumba anayoishi. Kwao ni watu aliotoka. Ndiyo maana wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, kwani asiye na watu wa kumdai hana wa kumtetea. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa sarufi atakumbuka kwamba viambishi vya mahali ni vitatu na kila kimoja kina kazi yake. Pa- huonyesha mahali mahususi, mu- huonyesha ndani, na ku- huonyesha mahali papana pasipo na mipaka dhahiri. Swali la asili halitumii pa- wala mu-. Linatumia ku-, yaani sarufi haikudai kwamba mahali hapo pawe pamoja tu. Anayedai hivyo ni muulizaji.

Majina ya Nusu

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya kumwita mtu huyu. Lililozoeleka zaidi ni chotara. Kamusi hulifafanua kuwa mtu aliyezaliwa na wazazi wa mataifa au rangi tofauti, na maana hiyo yenyewe haina matusi. Lakini neno haliishi kamusini peke yake. Mkulima husema ng'ombe chotara, mbwa chotara, kuku chotara. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa mfugaji neno hilo ni sifa: ng'ombe chotara ana maziwa mengi kuliko wa kienyeji na huvumilia maradhi kuliko wa kigeni, na bei yake sokoni huthibitisha hivyo. Sifa hiyo haimfuati neno linapohamishiwa kwa binadamu. Linachobaki nalo ni harufu ya zizi, na wasiwasi kwamba huyu si safi kama wenzake.

La pili ni suriama, neno lenye historia nzito ambayo itarejelewa hivi punde. La tatu ni hafukasti, lililoingia pamoja na Waingereza, na linalotangaza unusu wake waziwazi. La nne ni la vijana wa Nairobi, pointi faivu, yaani sifuri nukta tano. Hili husemwa kwa mzaha, na mara nyingine hata kwa kutamani, kwa kuwa katika matangazo ya biashara na video za muziki rangi hiyo huonekana kuwa urembo. Mzaha huo usimpumbaze mtu. Kusifiwa kwa sababu ya rangi na kudharauliwa kwa sababu ya rangi ni pande mbili za sarafu moja. Aliyesifiwa hivyo bado hajaulizwa jina lake. Na katika mitaa ya Mtwapa, Malindi na Diani mtoto wa aina hii huitwa "mzungu" tu na watoto wenzake, hata kama hajawahi kuvuka kivuko cha Likoni, na hata kama lugha pekee anazozijua ni Kiswahili na Kidigo au Kigiriama.

Yapo basi majina manne au matano, na takribani yote yanafanya kazi ileile: kumpima mtoto kwa kile alichokikosa. Chotara amekosa usafi, hafukasti amekosa nusu, pointi faivu hajafika moja. Mtoto wa wazazi wa kabila moja hapimwi kwa desimali.

Neno suriama linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba hesabu hii haikuwa hivyo siku zote. Limetokana na suria, mwanamke mtumwa aliyewekwa na bwana wake kama mke bila nikaha. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na baba yake alikuwa huru, na alirithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa nikaha. Mama naye hakuweza kuuzwa tena, na bwana wake alipofariki alikuwa huru. Haya hayakuwa ya vitabuni tu. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, waliofuatana kukitawala kisiwa cha Unguja katika wanawe, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walikuwa watoto wa masuria. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye jina lake bado liko midomoni mwa Wazanzibari kwa majumba na mifereji ya maji aliyoijenga, mama yake alikuwa Mhabeshi. Hakuwa nusu Sultani.

Haifai kuusifu utaratibu huo. Suria alinunuliwa, na ridhaa yake haikuulizwa. Ukamilifu wa mtoto ulinunuliwa kwa kumfuta mama: shajara ya ukoo ilipanda kutoka kwa mwana hadi kwa baba, babu na babu wa babu, na mwanamke wa Kihabeshi, wa Kizaramo au wa Kinyasa hakuandikwa popote. Kinachofunzwa na mfano huu ni kidogo lakini ni muhimu: kwamba unusu si jambo la kimaumbile. Jamii iliyoamua kumhesabu mtoto kuwa mzima ilimpata mzima, na ilipoamua vinginevyo ilipata suriama, neno linalomkumbusha mtoto hali ya mama yake wakati sheria yenyewe imekwisha kuisahau.

Lugha Iliyoitwa Chotara

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulifikiria suala hili, kwa kuwa lugha yao wenyewe imewahi kuhukumiwa kwa kosa hilohilo. Katika mjadala wa chimbuko la Kiswahili wapo waliodai kuwa ni Kiarabu kilichoharibika, na wapo waliodai kuwa ni lugha chotara iliyozaliwa na ndoa za wafanyabiashara wa Kiarabu na wanawake wa Kibantu. Hoja yao kuu ilikuwa msamiati: hesabu maneno ya kigeni, kisha toa hukumu. Wanaisimu waliwajibu kwa kutazama kiunzi badala ya mapambo. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993 kuhusu lugha za Kisabaki, waliweka Kiswahili pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, ndugu wa tumbo moja kwa fonolojia, mofolojia na msamiati wa msingi.

Mfano unaotolewa darasani kila mwaka ni kitabu. Neno ni la Kiarabu, na silabi yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi wake. Lilipofika pwani, masikio ya Waswahili yalisikia ki-, wakalipa wingi wa vi-, na tangu hapo tunasema vitabu vyangu vizuri vimepotea bila neno lolote katika sentensi kuuliza kitabu kilitoka wapi. Sarufi haikukipa nusu ya upatanisho. Haikusema kwamba kivumishi kikubaliane nacho lakini kitenzi kisikubali. Kitabu kina asili yake Uarabuni na kina ngeli yake hapa, na hivyo viwili havijawahi kugombana.

Sayansi ya vinasaba nayo imetoa ushahidi wa kuvutia. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa iliyosalia ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Utafiti huo ulizungumziwa sana, na baadhi ya watu waliushangilia kana kwamba umewarudishia Waswahili Ushirazi wao, ilhali wengine waliudhikia jambo hilohilo. Pande zote mbili zilipitwa na lililo wazi zaidi. Watoto waliozaliwa na baba aliyesema Kiajemi na mama aliyesema Kibantu walikua, wakajenga misikiti ya matumbawe, wakafanya biashara na Bara Hindi, na walizungumza lugha ya mama zao. Maneno ya upande wa baba waliyatia ngeli.

Masanduku ya Ukoloni

Ukoloni wa Kiingereza ulikuja na utaratibu mwingine. Katika Kenya ya wakati huo, mtu alikuwa Mzungu, Mhindi, Mwarabu au Mwafrika, na kila sanduku lilikuwa na shule zake, hospitali zake, mitaa yake na viti vyake katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika mwanamume alibeba kipande shingoni, wengine hawakubeba. Mtoto wa asili mbili alikuwa kero katika mfumo huo kwa sababu alithibitisha, kwa kuwapo kwake tu, kwamba masanduku yale yalikuwa na matundu. Fasihi imelishika jambo hili kwa nguvu. Adam Shafi, katika riwaya yake Vuta N'kuvute iliyotoka mwaka 1999, anamtoa Yasmin, msichana wa Kihindi, katika nyumba ya mume aliyemzidi umri kupita kiasi, na kumwingiza katika mapenzi na Denge katika Unguja ya mkoloni, penye gharama kubwa ya kuvuka mpaka wa rangi. M. G. Vassanji katika The Gunny Sack (1989) ana Huseni, mwana wa mfanyabiashara wa Kihindi na mtumwa aitwaye Bibi Taratibu. Kijana huyo anatoweka, na baba yake anaangamia kwa kumtafuta. Abdulrazak Gurnah katika Desertion (2005) anaonyesha jinsi penzi la Mwingereza na Rehana, ambaye naye baba yake ni Mhindi, linavyomfuata hadi mjukuu wao Jamila. Inasikitisha kidogo kwamba hawa wawili wa mwisho waliandika kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili imewashughulikia sana wapenzi waliovuka mpaka, lakini mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya pili ni nadra kupewa nafasi ya mhusika mkuu.

Historia, kwa bahati, ilimpa nafasi hiyo. Mwaka 1911 alizaliwa katika Bonde la Ufa mtoto aliyeitwa Joseph Zuzarte. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, na mama yake alikuwa Mmaasai. Jina Zuzarte lenyewe lilikuwa na safari ndefu, maana Goa ilitawaliwa na Wareno hadi mwaka 1961 na Wagoa wengi walibeba majina ya Kireno. Mtoto alipelekwa India kusoma, akaishi Bangalore miaka yake ya kukua, akarejea Kenya katika miaka ya 1930 akiwa kijana anayejua mengi kuhusu nchi isiyo yake na machache kuhusu aliyozaliwa. Ingekuwa rahisi kwake kubaki Mgoa. Sanduku la Wahindi lilikuwa na mshahara bora kuliko la Waafrika, na halikuwa na kipande.

Badala yake alijitwalia jina la upande wa mama yake, Murumbi, jina la babu yake mzaa mama, na historia inamkumbuka hivyo: Joseph Murumbi. Baada ya Jomo Kenyatta na viongozi wengine kukamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Murumbi alikaimu ukatibu mkuu wa chama cha KAU, kazi ambayo wakati huo ilimweka mtu hatua moja tu kutoka gerezani. Mwaka 1953 aliondoka nchini, akaitetea Kenya akiwa ng'ambo, hasa London, hadi aliporudi mwaka 1962. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwezi Mei 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, baada ya Oginga Odinga kujiuzulu. Hakukaa. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa amekiacha kiti hicho.

Wengi hukomea hapo wanapomsimulia, na kukomea hapo ni kumfanya mtu aliyechagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Jina lake kamili linakanusha: Joseph Anthony Zuzarte Murumbi. La baba halikufutwa ili la mama liandikwe; yaliwekwa kando kwa kando. Alipotoka katika siasa aliyatumia maisha yake kukusanya vitabu na kazi za sanaa za Afrika, na mwaka 1972 alianzisha pamoja na Alan Donovan duka na jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi. Maelfu ya vitabu vyake, vikiwamo vingi vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, na sehemu ya sanaa yake, viko katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katika jengo ambalo zamani lilikuwa la Benki ya India. Alifariki mwezi Juni 1990. Amezikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa na mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Hakuzikwa kwa Wamaasai wala kwa Wagoa peke yao. Pale alipolala pana vyote viwili, na mtu akiuliza kwao Murumbi ni wapi, kaburi hilo ni jibu lisilohitaji kusitasita.

Kuumeni na Kukeni

Mfano wa Murumbi una jambo moja lisilo la kawaida: alikwenda upande wa mama. Jamii nyingi za Kenya humhesabu mtoto kuumeni, yaani upande wa baba, na hilo lilionekana wazi mwaka 2008. Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani tarehe 4 Novemba, Rais Mwai Kibaki alitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko. Watu waliimba Kogelo, waliimba Kisumu, waliimba Kibera. Mtoto aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961, na mama kutoka Kansas, alikuwa "mtoto wetu". Hakuna aliyetaja desimali. Kwa kuwa baba yake alikuwa Mluo wa Nyang'oma Kogelo, naye alikuwa Mluo mzima, na Mama Sarah, mke wa babu yake, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa nyanya yake bila mjadala. Huko Marekani, tangu mwaka 2000 fomu ya sensa imemruhusu mtu kutia alama kwenye rangi zaidi ya moja. Obama mwaka 2010 alitia alama moja tu, ya weusi. Alikuwa amechagua jibu lake, na Wakenya walikuwa wamemchagulia lao mapema, na kwa bahati majibu hayo yalielekeana.

Swali ambalo sherehe ile haikuliuliza ni hili: lau mama ndiye angalikuwa wa Kogelo na baba ndiye angalikuwa wa Kansas, je, mapumziko yangalitangazwa? Jibu la haki ni kwamba yumkini yasingalitangazwa. Mtoto huyo angaliitwa mtoto wa Mzungu, na nyanya yake mzaa mama angalilazimika kueleza. Ndiyo hali ya watoto wengi wa pwani na wa miji mikubwa ambao mama ni Mkenya na baba ni Mzungu aliyerudi kwao. Kuumeni kwao kuko mbali, pengine ni jina tu kwenye cheti cha kuzaliwa au halipo hata hapo. Kukeni kuko karibu, ndiko kuliko na nyanya anayewapikia na mjomba anayewalipia karo, lakini huambiwa kwamba huko si kwao hasa.

Sheria ya nchi iliwahi kusema vivyo hivyo. Katika katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa kuzaliwa iwapo baba yake alikuwa raia. Uraia wa mama haukutosha. Wanawake wawili dada, mmoja akijifungua Mombasa na mwingine Hamburg, waliwapata mmoja Mkenya na mwingine mgeni anayehitaji viza kumtembelea bibi yake. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa ubaguzi huo. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia siku anapozaliwa, awe amezaliwa Kenya au kwingineko; na kinawajumuisha pia waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Kifungu cha 16 kikaruhusu uraia wa nchi mbili. Neno lililobeba mabadiliko hayo yote ni kiunganishi kidogo, "au". Mtu wa miaka thelathini aliyelala mgeni aliamka akiwa Mkenya tangu kuzaliwa kwake, na akaweza kubaki Mjerumani.

Pasipoti, hata hivyo, haijibu swali la uwanjani. Huko mtoto hujifunza kuwa na kwao kwa njia za kawaida kabisa: kwa jina alilopewa na nani alimpa, kwa kujua nani ni mjomba, nani ni shangazi, nani anaruhusiwa kumtania, kwa kuzijua lugha za pande zote mbili kiasi cha kuagizwa chumvi kwa jirani na kurudi nayo. Mzazi anayemwambia mwanawe "wewe ni nusu Mdigo nusu Mjerumani" huwa na nia njema, ila amempa sehemu. Kiswahili kinamruhusu aseme "wewe ni mtoto wa Fulani na Fulani", na kinachotenganisha kauli hizo mbili ni na. Kiunganishi hiki kina tabia ambayo wanasarufi wanaipenda: ndicho kinachounganisha vitu viwili, na ndicho hichohicho kinachoonyesha kumiliki. Kuwa na kitu, kwa Kiswahili, ni kuwa pamoja nacho. Mtoto ana baba na ana mama; ana Udigo na ana Ujerumani; na akivitaja vyote viwili hakuna kilichopunguzwa ili kingine kitoshe.

Kwa Wadigo wenyewe jambo hili lina jibu la kale kuliko katiba. Hapo zamani, kabla ya urithi wa Kiislamu kushika mizizi miongoni mwao na mahakama za kikoloni kuanza kuamua mirathi, ukoo wa Mdigo ulihesabiwa kukeni na mali ya mtu ilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Desturi hiyo imedhoofika sana, ila haijasahaulika, na wazee wa Kwale bado huijua. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa mwanamke wa Kidigo na mtalii aliyekaa Diani miezi mitatu hana upungufu wowote. Baba awe wa Hamburg au wa Vanga, mama ni yuleyule, na mjomba ni yuleyule. Wenzake wakimwita mzungu njiani kwenda kisimani, yupo mtu mzima Ukunda ambaye, kwa mila ya babu zake, anawajibika kumwita mpwa na kumwonyesha shamba.